Pikipiki ya Mtamba Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Ninayo! Imeegemea tangi la maji hapo nje, na kila nikiandika mistari miwili nainua kichwa kuitazama dirishani. Bado iko.

Asubuhi niliondoka na mtamba wetu Chelel kwenye pikapu ya kukodi hadi Kedowa. Jioni nimerudi nyumbani, juu ya Sosiot, na pikipiki ya safari ndefu. Si hizi za kubebea maziwa. Hii ina kioo cha kukinga upepo. Ina kiti kirefu cha watu wawili wanaoheshimiana. Ina masanduku mawili ya alumini, moja kila upande, ya kufungwa kwa ufunguo, yenye stika za Malawi, Zambia na Namibia. Tena mishikio yake inapata joto ukibonyeza kidude. Joto! Miaka ishirini nimechuma majani chai asubuhi bila kusikia vidole, kumbe kuna watu duniani walikuwa wakibonyeza kidude tu.

Njenga, aliyekuwa nayo, ni mtu wa haki. Tumebadilishana mnyama kwa chombo, na tumekubaliana: hadi Jumatatu ijayo saa kumi na mbili jioni, yeyote akijuta, kila mtu anarudishiwa chake bila maneno. Alisema amechoka nayo. Sikuuliza kwa nini.

Kasoro ni moja, nayo si ya pikipiki. Ni ya miguu yangu. Haifiki chini. Mjini Kericho magari yalisimama, nami ikabidi nishike ubavu wa lori la miwa nisianguke. Dereva akauliza kama nataka kuvutwa.

Janeffer aliizunguka mara mbili. Kisha akaniuliza, kwa upole wake ule ninaouogopa, hii nayo itapandwa lini na itazaa lini. Amesema nina wiki moja. Ikifanya jambo moja la maana kwa nyumba hii, itabaki. La sivyo, yeye mwenyewe atampigia Njenga simu arudishe Chelel.

Wiki nzima! Inatosha kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika orodha ya mahali ninapoweza kusimama kati ya hapa na Sosiot. Jiwe la kona kwa Kiptum. Ukingo wa daraja. Ngazi ya kanisa. Jukwaa la kituo cha kununulia majani, ambalo ni zuri kuliko yote, kama lililojengwa likinisubiri mimi. Kati ya hapo hakuna kusimama.

Shida ni watu. Hapa kwetu humpiti mzee bila kusimama umsalimie. Leo nimewapita wazee wanne na pasta. Nilijaribu kupunga mkono, pikipiki ikayumba, nikaacha kupunga. Pasta alikuwa ameshanyoosha mkono wake. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, bado ameunyoosha. Kioo kizuri mno, hakitetemeki hata kidogo.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Watu watatu wamemwambia Janeffer kwamba Mathew siku hizi ni mtu mkubwa, hasalimii.

Jioni jirani yangu Kiptum akaja kuitazama. Ana kipikipiki chake kidogo kinachobeba maziwa na majani ya nusu ya kijiji. Aliuliza mtungi wa maziwa unakaa wapi. Nikamwambia hii si ya mitungi. Akasema aah. Siipendi kabisa hiyo aah yake.

Lakini amenipa wazo bila kujua. Majani! Masanduku mawili, safi, ya kufungwa. Kesho Kiptum ataona.

Jumatano, 5 Machi

Niandike upesi yaishe.

Tulichuma tangu saa moja, Janeffer na mimi. Majani mawili na chipukizi, hakuna hata jani gumu. Yakaingia yote kwenye masanduku, ingawa ilibidi nishindilie kwa goti. Nikafunga kwa ufunguo. Karani hufika kituoni saa nane, nami nilikuwa na saa nzima mkononi, kwa hiyo nikaenda hadi Kabianga na kurudi. Jua lilikuwa linawaka. Ile injini ikipanda mlima husikii ikihangaika, ni mngurumo tu wa mtu aliyeshiba. Niliimba.

Kila mkulima wa chai anajua kwamba majani mabichi yanataka kupumua, ukiyabana yanachemka yenyewe. Mimi pia najua. Mwaka juzi niliwafundisha wenzangu jambo hilohilo, nikiwa nimeshika chaki.

Nilisimama kwenye jukwaa vizuri sana, watu wote wakitazama. Karani wetu ni Shirley, aliyesoma darasa moja na binti yetu Nelvine. Alifungua sanduku, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa haraka. Mvuke ukafuata. Akaniambia kwa heshima kwamba majani haya yameshaiva, kilichobaki ni sukari. Yalikuwa mekundu. Foleni nzima ilicheka, na Kiptum akasema aah.

Yakamwagwa nyuma ya kituo, yote. Janeffer akasimama akiyatazama. Niliona vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa asubuhi nzima, nikaona aibu ya kweli, ile isiyotaka mtu akuangalie.

Tulipokuwa tunarudi mvua kubwa ikanyesha. Nilipofika nilifungua masanduku. Hata tone moja halikuingia. Kazi safi sana ile.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Na safari hii nimefikiri.

Jumapili kitinda mimba wetu, Valary, anabatizwa. Asubuhi nilimsikia Janeffer akiongea na mama yake kwa simu, yule wa Merigi, upande wa Bomet. Mama hatakuja. Miaka mitatu sasa hajakanyaga hapa. Gari linaishia Sosiot, na kutoka hapo ni kilomita nne za kilima na matope. Magoti yake hayawezi. Pikipiki zipo, lakini mama hakubali kubanana na mgongo wa mwanamume yeyote. Na mimi ndiye wa mwisho kabisa kuulizwa. Mkwe na mama mkwe hawagusani. Akishanishika kiuno kutoka Merigi hadi Sosiot, nitakula tena kwake na uso gani?

Janeffer alipokata simu alikaa jikoni akimenya viazi ambavyo vilikuwa vimeshamenywa.

Ndipo nikatoka nje, nikatazama kile kiti. Nikachukua kamba, nikapima. Kutoka mgongo wangu hadi mwisho wa kiti kuna nafasi ya mtu mwingine mzima, tena nyuma kuna kiegemeo na vishikio viwili vya pembeni. Hakuna pikipiki nyingine Belgut yetu nzima ambayo mama mkwe anaweza kupanda na heshima ikabaki palepale. Kinachotakiwa ni kitu cha kukaa kati yetu.

Gunia!

Nilimweleza Janeffer. Akauliza gunia la nini. Nikasema la nyasi kavu, laini. Akaenda kutafuta sindano.

Ijumaa, 7 Machi

Gunia liko tayari, limejaa hadi shingoni, linasimama lenyewe. Janeffer amelishonea koti langu kuukuu la mvua juu yake, pande zote, ili mama asiloweshwe na nyasi zikinyeshewa. Upepo haupiti wala maji. Ameshona hata usijue ni koti.

Tulifanya majaribio kando ya tangi la maji. Mimi mbele, gunia katikati, Janeffer nyuma akiwa mama yake. Nikauliza kama ananiona. Akasema anaona gunia tu, na kwamba kwa mara ya kwanza wiki hii anastarehe. Kiptum akapita, akasimama, akatutazama tulivyokaa watatu juu ya pikipiki isiyokwenda popote. Hakusema hata aah.

Jumamosi, 8 Machi

Siku kubwa. Naandika yote.

Niliondoka saa kumi na mbili na nusu, baridi ya kukata masikio, mishikio yangu ikiwa na joto. Baada ya Kericho ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai, nami napita juu ya barabara kama mwenye nchi. Watoto walikimbia hadi barabarani kuangalia. Nilimwonea Njenga huruma, ameachwa na mtamba.

Merigi nikafika vizuri. Lakini langoni kwa mama hakuna jiwe, hakuna ukingo, hakuna chochote! Alikuwa amesimama pale na mwavuli na mkoba, amevaa kitambaa cha kanisani. Nikampita. Nikageuza mbele sokoni, nikarudi, nikampita tena. Mara ya tatu niliinamisha kichwa kwa heshima nilipokuwa napita. Mara ya nne nikakuta amekokota kihori cha ng'ombe kutoka zizini hadi kando ya barabara. Hakuuliza, wala hakuambiwa. Nikaweka mguu juu yake, nikasimama. Yeye naye akakitumia kupanda. Mwanamke mwenye akili sana.

Tukaondoka. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu, lakini haikuwa inazungumza na mimi. Ilikuwa inazungumza na gunia.

"Gunia, ambia Baba Nelvine apunguze. Bado kuna wajukuu nataka kuona."

Nikapunguza. Nami nikaliambia gunia kwamba nimesikia. Tukaenda hivyo, kila mtu na gunia lake. Tulipokaribia Litein gari la mboga likatupita.

"Gunia, huyu mtu wako amelala? Hiyo gari ya kabeji imetupita."

Nikaongeza! Tuliipita ile gari ya kabeji, na ya mbele yake pia. Nyuma nilisikia mtu akicheka, mama wa miaka sabini na mbili, mwavuli wake chini ya kwapa.

Kile kilima cha matope tulikipanda polepole, bila kuteleza. Nilipoegemea tangi la maji Janeffer alikuwa ameshatoka nje. Walishikana, wakalia wote wawili, na mimi nikajifanya naangalia mnyororo. Sina haja ya kuficha hapa. Nililia kidogo pia.

Jumapili, 9 Machi

Valary amebatizwa, akapiga kelele inavyotakiwa. Mama alipewa nafasi ya kusalimia kanisa. Alisema amekuja kwa pikipiki yenye heshima ndani yake, na kama kuna mama mwingine amekosa kuona wajukuu kwa sababu ya barabara, aulize Mathew. Kanisa lote liligeuka kunitazama. Kiptum pia, na alikuwa wa kwanza kupiga makofi, jambo ambalo limeniharibia chuki yangu kidogo. Kwenye ngazi nilimpa pasta mkono wake wa Jumanne.

Baada ya chakula Janeffer alitoka nje peke yake, akaiwekea ile pikipiki mkono, jinsi alivyokuwa akimgusa Chelel shingoni. Akasema itabaki. Kesho saa kumi na mbili jioni atampigia Njenga kumwambia tumeridhika. Sharti ni moja tu: hata jani moja la chai lisiingie tena kwenye masanduku yale. Siku akiona majani yangu yamekuwa mekundu tena, simu ya Njenga ni hiyohiyo, atasema maneno mengine.

Niliapa. Niliapa mbele ya mama, na mama akasema gunia limesikia.

Sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu nijengewe tangi.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa Merigi, kwenye benchi ya mama, nikingoja aniletee mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, kabla sijarudi.

Asubuhi tulichuma mapema, majani mazuri kuliko ya Jumatano. Janeffer akaniambia nikimrudisha mama nimwachie Kiptum majani ayapeleke kituoni. Kisha akaenda mkutano wa shule. Nikabaki nikiyatazama. Nimwachie Kiptum! Mwenye pikipiki kubwa kuliko zote Belgut, majani yake yaende kwa kile kipikipiki, na aah juu yake!

Lakini niliapa, na mimi ni mtu wa kutimiza kiapo. Masanduku hayana jani. Nimeyafuta hadi pembeni, yanang'aa.

Gunia si sanduku.

Nilitoa zile nyasi, nikajaza majani badala yake. Yaliingia yote, kwa goti kidogo. Nikafunga lile koti aliloshona Janeffer juu yake, pande zote, mvua isiyaharibu. Safari moja, kazi mbili: mama anafika kwake kwa heshima, na nikirudi napita moja kwa moja jukwaani kwa Shirley saa kumi, saa mbili nzima kabla ya ile simu ya Njenga. Janeffer, anayedhani majani yako kwa Kiptum, amesema atakuwa pale kituoni akiningoja. Anataka kuniona nikifika.

Mama ameegemea gunia njia yote, amelilalia kabisa, hata akasinzia. Tulipopita Litein aliamka.

"Gunia, mbona leo una joto hivi? Unaumwa?"

Nilifurahi sana. Kulikuwa na baridi, na nilikuwa na wasiwasi na magoti yake. Mishikio ya mbele ina joto, na sasa kiti cha nyuma nacho kina joto. Sidhani hata yule mwenye stika za Namibia aliwahi kufikia hapo.