Bingwa wa Mfuniko wa Sufuria

Jumapili, 8 Juni

Nikifa leo, wanamieleka wa Marekani watafunga vitambaa vyeusi mikononi. Hawanijui, ni kweli. Lakini watahisi kitu kimepungua duniani. Kuanzia Lamadi ziwani mpaka Kimali kwenye ng'ombe wengi kuliko watu, hakuna anayezijua siri za mieleka kama mimi Mayunga. Shule niliiacha kidato cha pili, kabla haijaniacha yenyewe. Ila mieleka nina digrii.

Naandika kwa sababu jana nimeonewa, na kuna mambo mwanaume hawezi kumwambia mtu.

Maelezo kidogo, kwa ajili ya wajukuu zangu. Mzee Mboje ana banda la video hapa Bariadi. Kila Jumamosi jioni anaonyesha mieleka. Runinga inaongea Kiingereza, Mzee anaizima sauti, mimi nashika kipaza sauti nawaeleza watu. Si ngumi. Ngumi hata mbuzi anaziona. Mimi naeleza ya nyuma ya pazia: nani kagombana na bosi, nani mkataba wake unaisha, nani leo atapigwa hata awe na nguvu za trekta. Watu wananiita Profesa. Naingia bure. Nakaa kiti chenye mto. Banda zima kiti chenye mto ni kimoja!

Jana zamu ilikuwa ya Ng'ombe Mweusi. Jina tulimpa sisi, la kwake halitamkiki. Jitu kubwa, lakini siku hizi linapigwa tu. Nikaeleza: bosi wa kampuni anambania kwa sababu alimtorosha binti yake bila kutoa hata ndama. Watu wakaguna kwa uchungu. Maelezo matamu, yanaingia akilini. Hapo sauti ikatoka nyuma, ya upole kabisa: samahani kaka, yule bosi hana binti.

Joakim! Kijana wa Lamadi, wa ukoo wa dagaa, kaja juzijuzi kufungua kibanda cha kutengeneza simu. Akasema mshindi wa pale huandikwa ofisini kabla ya pambano. Kuna waandishi kabisa, wanakaa na chai. Ng'ombe Mweusi anapigwa kwa sababu fulana zenye picha yake haziuziki. Na leo, akasema, atapigwa kwa kiti, akiwa ameupa mlango mgongo.

Akapigwa. Kwa kiti. Mgongo mlangoni.

Banda lote likageuka kumtazama Joakim. Nadhani hata runinga iligeuka.

Ana meno mazuri pia. Sijui kwa nini nimeandika hilo.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kwa Esteria, anayekaanga mihogo mlangoni mwa banda. Nikamsalimia mwangaluka kwa sauti ya mtu asiye na tatizo. Akaitikia vizuri, halafu akauliza binti wa bosi anaendeleaje. Benchi zima likacheka. Mwandu ndiye aliyecheka zaidi. Huyo ni rafiki yangu wa damu, anaendesha mkokoteni wa maksai, anabeba pamba.

Nikawauliza: jamani, mwanaume mzima apigwe kwa kosa la fulana? Mwandu akasema mbona inawezekana, hata yeye maksai asiyevuta humuuza. Nikamwambia anyamaze. Akasema, "Ngosha, umeuliza mwenyewe."

Joakim alikuwa pale, anakula muhogo wangu. Yaani ule wa katikati, usio na nyuzi, ambao Esteria hunichagulia mimi! Akaulizwa. Akameza kwanza, kwa adabu, akasema kwenye mieleka mshindi si mwenye nguvu. Mshindi ni anayejaza uwanja.

Mzee Mboje akaweka kikombe chini. Ujanani alicheza ngoma upande wa Wagalu, na mpaka leo akimsalimia Mgika, mtu wa upande wa wapinzani, anamkagua kwanza miguu. Akasema: kumbe Wamarekani nao wana akili! Si ndiyo ngoma yetu hiyo? Pande mbili, uwanja mmoja, muda mmoja. Watazamaji wanahama huku na huku, na waliko wengi ndiko kwenye ushindi. Hakuna refa. Miguu ndiyo refa.

Halafu akatangaza. Jumapili, uwanja ulio nyuma ya maghala ya pamba. Kamba katikati. Mayunga huku, Joakim kule. Kila mmoja avute watu kwa mieleka, kwa namna anayoijua. Atakayejaza anashika kipaza sauti cha banda moja kwa moja. Na kiti.

Joakim akasema yeye kiti wala hakimsumbui. Mnafiki! Nani asiyesumbuliwa na mto?

Jumanne, 10 Juni

Nimelala na wivu, nimeamka na akili.

Joakim ana nini? Mdomo. Mimi nitawaletea mieleka yenyewe, ya nyama! Mayunga dhidi ya Mwandu. Mimi bosi, mimi mwandishi, mimi bingwa. Si amesema mshindi anaandikwa? Basi nimeandika.

Mkanda wa ubingwa tayari. Mpira wa tairi la pikipiki, na mbele mfuniko wa sufuria ya mama. Nimeugonga kwa msumari neno BINGWA. Nafasi imeisha kabla ya neno. Unasomeka BINGW. Kwa mbali inatosha.

Mama anatafuta mfuniko. Nimemwambia wezi wa siku hizi hawachagui.

Jioni nimempelekea Mwandu mpango. Atanikamata, nitateleza kama kambale, nitambwaga, nitamkanyaga kifua, watu watalia. Akauliza kwa nini abwagwe yeye mwenye mwili. Nikasema ndiyo biashara. Akauliza ya nani. Kisha akatoa tatizo lake: wakwe zake wa Nkoma wanakuja Jumapili, na mahari bado inazungumzwa. Wakimwona anabwagwa na mtu wa saizi yangu, wataongeza ng'ombe. Watasema binti yao anakwenda kwa mgonjwa.

Nikamwambia alale, atafakari.

Alhamisi, 12 Juni

Mwandu katafakari vibaya. Amerudi na masharti. Anguko liwe la ubavu, si la chali. Jina lake litajwe kabla ya langu. Na aingie uwanjani na maksai wake wote wawili.

Nimekubali maksai na ubavu. Jina nimekataa. Amenuna. Nimekubali na jina.

Sasa namwelewa yule bosi wa Marekani. Maskini wa Mungu! Unawapa watu jukwaa, wanakuletea wakwe.

Nimemwambia Esteria mpango wote, kwa siri, ili ajue anaongea na mtu wa aina gani. Aliuliza mbona naongea kwa sauti hivyo. Nikasema mafuta yake yanachemka, sisikiki. Halafu nikaona simu yake inang'aa, kioo kipya. Katengeneza nani? Sikuuliza. Nilijibiwa hata hivyo. Amesema Joakim ana mikono laini kama ya nesi.

Mimi mikono yangu ni ya bingwa. Bingwa hatakiwi kuwa laini.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimefanya siasa. Nimemnong'oneza Mzee Mboje kwamba nimesikia babu yake Joakim alikuwa Mgika. Mzee akasimama kama kaumwa na siafu. Akavaa kofia, akaenda mpaka kibanda cha simu. Nikamfuata kwa nyuma nione Joakim anavyofukuzwa.

Joakim akajibu kwa upole ule ule. Kwao ni wavuvi, hawakucheza sana. Ila babu yake mzaa mama aliwahi kuwapigia ngoma Wagalu, alikuwa na jicho moja. Mzee akapiga ukelele. Mwenye jicho moja! Anamjua! Wakakumbatiana juu ya simu mbovu za watu. Mzee akaagiza soda mbili.

Mbili! Na mimi nimesimama pale pale!

Jumapili, 15 Juni

Naandika nimelala kwa ubavu. Ule wa kushoto, wa kulia haugusiki.

Tuanze na mazuri. Watu walikuja. Uwanja ulijaa kama siku ya mnada. Mzee Mboje kavaa njuga zake za zamani, anatembea juu ya kamba huku na huku, anatazama miguu ya watu. Kila upande ulipewa spika. Mimi nikaikataa yangu. Bingwa haongei, bingwa anapiga.

Mwanzoni wote walikuwa kwangu! Narudia kwa ajili ya wajukuu: wote! Jukwaa langu magunia ya pumba za mpunga, mkanda wangu unapiga jua, maksai wanaingia na Mwandu katikati yao, kifua wazi, kapaka mafuta mpaka anateleza. Vigelegele. Wakwe wa Nkoma walikaa mbele kabisa, baba mkwe na kofia ya pama na fimbo. Kule kwa Joakim alikuwepo Joakim. Nikampungia mkono, wa kumhurumia.

Tukashikana. Nikamvuta Mwandu. Hakwenda. Nikamsukuma. Hakwenda. Nikamnong'oneza, "Anguka basi." Akaninong'oneza, "Mkwe ananitazama." Nikasema, si tulikubaliana ubavu? Akasema hata ubavu una aibu yake. Tukabaki tumeshikana pale kama watu waliokutana msibani. Watu wakaanza kukohoa.

Ndipo ile spika ikalia, taratibu. Joakim.

Akasema: ndugu zangu, mnawaona wamesimama. Msidhani wamechoka. Huo ni mgogoro wa mkataba.

Vichwa vikageuka.

Akaendelea. Yule mwembamba ndiye bosi wa kampuni. Pia ndiye mwandishi, na amejiandika bingwa. Yule mkubwa anatakiwa aanguke, lakini ana wakwe uwanjani, na kila akiinamisha goti, ng'ombe mmoja anaongezeka. Tazameni goti! Limeinama kidogo! Ng'ombe huyo! Limenyooka! Ng'ombe karudi!

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Tatizo spika yake ilielekea kule, na huku kwangu maneno yalifika nusu nusu. Bibi mmoja akavuka kamba ili asikie. Vijana wakavuka. Esteria akavuka na karai lake, mafuta yanamwagika, anakimbia. Kwa mbali mieleka ilionekana vizuri tu, na maelezo yapo. Mwisho baba mkwe mwenyewe akasimama, akachukua fimbo, akavuka.

Maksai walibaki. Walikuwa wamefungwa.

Baba mkwe alipofika kule akapaza sauti: kijana, tumekuona, usianguke, ng'ombe zibaki pale pale! Mwandu aliposikia hivyo alifurahi. Akanibwaga chali, akanikalia.

Mengine siandiki leo. Mbavu zinauma.

Jumatatu, 16 Juni

Kipaza sauti kiko kwa Joakim. Kiti pia. Leo nimechungulia banda, mto wameufua. Mzee Mboje kanifariji: mwanangu, hata mimi mwaka fulani Wagika walinihamishia uwanja mzima, nilibaki na mbwa. Mwandu anaoa baada ya mavuno. Esteria kanipa muhogo, wa pembeni, wenye nyuzi.

Mama kauona mfuniko. Jana usiku wali wetu ulifunikwa BINGW.

Lakini mimi sikushindwa. Nimekaa nikachunguza, nimejua makosa yalikuwa wapi. Moja, maksai. Maksai hawana mvuto, inatakiwa fahali. Pili, rafiki. Usimpe rafiki kazi ya kuanguka. Tatu, Joakim lazima ana dawa. Meno yale si ya bure.

Kwa hiyo mpango mpya. Nitamtaka Joakim mwenyewe jukwaani. Mikono laini, si ya nesi? Tutaona. Tayari nimeandika atakavyoanguka: chali, mbele ya Esteria. Kwa mkanda nimeliona karai moja zuri la kukaangia, pana, BINGWA itakaa yote na nafasi ya kuchora simba. Fahali nitaazima Migato kwa mjomba. Siri kabisa. Nimemwambia Mwandu peke yake, na wale wa kwenye benchi.

Kitu kimoja tu kiliharibika kweli jana, nacho nakiandika humu ili kisitoke humu.

Mzee Mboje anasema mpaka nilipokaliwa alikuwa bado hajaamua. Kwa sheria ya ngoma, mchezaji akiwa bado upande wake, ngoma haijaisha. Watu huhama, watu hurudi. Alikuwa ananisubiri. Na mimi niko chini ya Mwandu, pumzi hakuna, nikasikia Joakim anasema: sasa tutaona nani mkubwa, mwandishi au mkwe. Na lililofuata sikulisikia. Spika ilielekea kule.

Nikamwambia Mwandu anyanyuke kidogo. Akauliza kwani vipi. Nikasema hatusikii. Akasema kweli, hata yeye hasikii. Tukajikung'uta pumba. Tukaenda wote wawili, tukaruka kamba, nikajipenyeza mpaka mbele karibu na karai la Esteria. Na mkanda wangu kiunoni.

Nilitaka kujua nani atashinda.