Nimepita Bila Kupingwa

Jumatatu, 4 Machi 1996
Habari nzito ofisini. Pamba sasa inanunuliwa na watu binafsi, na shirika letu litapunguza mabwana shamba. Chama chetu cha wataalamu kinatakiwa kuchagua mwakilishi wa tawi la Bariadi, akae na meneja wakati wa kuamua nani abaki. Mwakilishi hawezi kujipunguza mwenyewe. Kwa hiyo nafasi ni yangu. Tatizo ni Nyanjige, bibi shamba. Watu wanampenda. Anawasikiliza, tabia mbaya kwa kiongozi.

Jumatano, 6 Machi
Mimi ndiye katibu, mimi ndiye mwenye kuitisha mikutano. Wa uchaguzi nimeuitisha kesho asubuhi, wakati wenzangu wote watakuwa Dutwa wakiwafundisha wakulima kupiga dawa. Tangazo nimelibandika nyuma ya mlango wa ghala. Kisheria limebandikwa.

Alhamisi, 7 Machi
Mkutano umefana. Tulihudhuria mimi na Mayige, mlinzi, ambaye si mwanachama ila ndiye mwenye ufunguo. Nilipendekeza jina langu. Mayige akauliza kama na yeye anapiga kura. Nikamwambia anyooshe mkono tu. Nimepita bila kupingwa. Nyumbani mke wangu Milembe hakunipongeza. Aliuliza wenzangu wamesemaje. Watasemaje, nao wako Dutwa?

Ijumaa, 8 Machi
Meneja, Bwana Mihayo, kaniita. Kiti chenye mto, soda baridi. Anataka kigezo kilichokubaliwa na wanachama. Nikampa: aondoke asiyewatembelea wakulima. Nilimlenga Nyanjige, maana ofisini haonekani. Nimesaini kwa niaba ya wote. Meneja alinishika mkono muda mrefu, kama mtu anayeaga.

Jumatatu, 11 Machi
Kumbe Nyanjige haonekani ofisini kwa sababu yuko kwa wakulima. Asiyewatembelea ni mmoja tu. Na habari za uchaguzi zimeshafika Dutwa. Wenzangu wamerudi, nikawaamkia mwangaluka. Aliyeitikia ni Mayige peke yake.

Jumanne, 12 Machi
Wameitisha mkutano bila katibu. Wamekuja wote, hata Kwandu mwenye homa, kwa baiskeli. Nikasimama kueleza kwamba chini ya uongozi wangu mahudhurio hayajawahi kuwa makubwa hivi. Wakacheka, wakamchagua Nyanjige. Mayige naye akanyoosha mkono. Akaambiwa si mwanachama. Akajibu kwamba Alhamisi alikuwa mwanachama. Hapo maswali yakanigeukia.

Jumatano, 13 Machi
Nyanjige aliingia kwa meneja, wanachama wakabaki mlangoni. Nilisikia sauti yake kutoka chooni, nilikokuwa nimejificha. Alipotoka alisema kigezo changu kimefutwa na hapunguzwi mtu kabla hajasikilizwa. Nikamuuliza kama hata mimi.

“Na wewe ni mwanachama, kaka Athanasi,” alisema, “japo unatuchosha.”

Nimetafakari siku nzima. Ni dhahiri ananiogopa.

Alhamisi, 14 Machi
Tatizo la chama hiki ni wanachama. Lakini sasa ni zama za vyama vingi, kila mtu na chake. Nitaanzisha changu, mimi mwenyekiti, mimi katibu, mimi mwakilishi. Milembe ameuliza kitamwakilisha nani. Nimeshamtambua: huyo ndiye kambi ya upinzani. Nitaanza naye.