Mkanda wa Tumboni na Picha ya Familia

Jumatano, 3 Juni
Wifi amekuja na suruali mpya. Kazunguka sebuleni mpaka nikahisi kizunguzungu! Sote wawili tulifanyiwa upasuaji mwezi uleule, tukawekewa mkanda ndani ya tumbo, unaobana mfuko wa chakula ili tule kidogo tupungue. Yeye anakwisha, mimi niko palepale. Eti siri ni kuhudhuria kliniki kila anapoitwa, nesi anaukaza mkanda kidogo kidogo. Kidogo kidogo! Jumapili tunapiga picha ya familia, na mama mkwe katangaza wembamba watakaa mbele. Mimi nifichwe nyuma? Thubutu!

Alhamisi, 4 Juni
Kliniki, hatimaye. Nimemwambia nesi sishibi hata nile nini, anikaze sawasawa. Aiskrimu sikuitaja. Haitafunwi, kwa hiyo si chakula. Kaingiza maji ya chumvi ndani ya mkanda kwa sindano, ukavimba na kubana. Kisha kanipa kikombe cha maji, nisiondoke mpaka yote yapite. Funda la pili likagoma kushuka. Nesi alipogeuka kupokea simu, yaliyobaki nikayamwagia ua la dirishani. Kanisifu!

Ijumaa, 5 Juni
Uji haupiti. Chai haipiti. Hata mate yanapita kwa kusitasita. Mume wangu kauliza kama nina mimba. Nimemjibu ni furaha tu.

Jumapili, 7 Juni
Nimekaa mbele! Mama mkwe kanishika mkono mbele ya wifi. Mpiga picha akatuomba tutabasamu. Nikatii, mate yote niliyokuwa nimeyahifadhi yakamwagikia gauni la mama mkwe. Kisha nikaona giza. Wifi ndiye aliyenikimbiza kliniki, tena bila kunisimanga, jambo lililoniuma zaidi. Njiani nililia. Niliogopa kufa, kusema kweli. Nesi kapunguza maji kwenye mkanda, nami nikanywa kikombe kizima. Maji matamu jamani! Kanionya kwamba kukazwa si mashindano, nirudi baada ya mwezi na nisimfiche kitu. Nimeapa mbele ya wifi.

Jumatatu, 8 Juni
Picha imefika. Nimefumba macho, lakini kidevu ni kimoja! Kimoja tu! Nani atasubiri mwezi mzima? Wifi ana miadi ya kukazwa kesho asubuhi. Nimembembeleza apumzike, amehangaika sana na mimi. Kakubali, maskini, hata machozi yakamlenga. Kesho nakwenda kwa jina lake. Nitavaa miwani ya jua.