Ombi la Kumwacha Shangazi kwa Siku Tatu

Nunguni,
Jumamosi, 3 Desemba 1988

Kwako Anko Evanson Gachanja, mwalimu wa Kifaransa na Kiitaliano, mtafiti wa maneno ya kukopa, na mume wa Shangazi Mumbua,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, na Mungu mwenyewe nimemwambia kwa kuzungukazunguka. Katika daftari lako la maneno ya zamani ya Kikamba, lile ulilojaza hapa kwetu likizo ya Agosti, maneno kumi na moja nimeyatunga mimi.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kikamba nitalia, na kwa Kiingereza itaonekana nimenakili kitabuni. Nimelifikiria jambo hili tangu Agosti na nimeona kwamba kosa ni lako. Naomba nieleze kwa adabu.

1. Ulioa mahali pabaya. Sisemi Shangazi ni mbaya. Nasema mtu anayetaka maneno ya Susu, yaani nyanya yangu, haendi kumwoa binti yake, kwa sababu mkwe hatazamani na mama mkwe wala hazungumzi naye ana kwa ana. Na wewe, mtu wa kutoka Nyeri, unaishika heshima hiyo kuliko sisi wenyewe. Siku hizi hapa Nunguni watu wanaamkuana na mama wakwe wao kanisani na hakuna anayezimia. Lakini Susu akitoka tu jikoni kuchota maji, wewe ulikuwa unaruka ndani ya mibuni ya kahawa na daftari lako. Mtu mwenye digrii mbili! Kwa hiyo ulihitaji miguu, na miguu ilikuwa yangu: swali kutoka kwako ghalani hadi kwa Susu jikoni, jibu kutoka jikoni hadi ghalani, hatua thelathini na mbili. Susu anapaza sauti mpaka jirani anasikia: "Mwambie huyo mwalimu wako, kama maneno yangu ni matamu hivyo, aje ayachume, kahawa imeisha!" Wewe umesikia yote, mabega yanatikisika kwa kicheko, lakini huandiki mpaka mimi nifike nirudie. Ungeoa kule Tulia, Anko. Kitui pia kuna wasichana.

2. Hukunishuku. Siku Susu alipochoka na maswali (mzee yule, ungemlaumu?), nilirudi kwako mikono mitupu. Uliuliza hivi: kabla neno meza halijapanda huku kutoka pwani, lilikoletwa na Wareno, watu wa hapa waliiitaje meza? Nikasema Ndululu. Ndululu ni mbuzi wetu. Ungeweza kukunja uso. Mwalimu wangu wa hesabu hukunja uso hata nikipata jibu. Wewe ulisema, "Ajabu! Rudia polepole," ukaandika, ukapiga mstari chini yake mara mbili. Baada ya mistari ile miwili sikurudi nyuma tena. Ulipouliza la kasha, likapewa jina la utani la huyo mwalimu wa hesabu. Ulipouliza la leso, ikapewa sauti anayotoa jirani yetu Kiema akiita kuku.

3. Ulimwambia Shangazi, nami nikasikia, "Huyu msichana ana sikio la lugha." Mimi, ambaye nikiulizwa jina darasani nasimama nikitazama viatu! Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kusema nina kitu, isipokuwa daktari wa zahanati, na alisema minyoo. Jioni hiyo hiyo ukaanza kunifundisha Kifaransa pale kizingitini. Sasa niambie, mtu akishaambiwa ana sikio, atarudije kesho yake kusema hana jibu? Ulinifanya mwongo kwa kunisifu. Kuna watu wamefungwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

4. Ndululu amefika chuo kikuu. Shangazi ametuandikia kwamba ulimsoma kwenye semina, ukaeleza kwa dakika ishirini jinsi neno hilo lilivyosukumwa kando na neno la Wareno, na profesa wako akasema hiyo ndiyo sura bora ya tasnifu. Mbuzi wetu amekula kamba tatu na soksi ya baba, na sasa ana sura yake kwenye tasnifu. Leo unakuja kuhakiki orodha, Jumatatu kazi inatiwa jalada. Kama mmoja wa watahini ametoka hata Kwa Vonza tu, kule Kitui kwa Wakamba wenzetu, atauliza swali moja, na miaka yako saba itaishia kwenye kicheko. Wanafunzi wako wa Kifaransa watakuita Ndululu mpaka ustaafu.

Basi ombi langu ni hili. Naomba umwache Shangazi Mumbua kuanzia leo mchana hadi Jumatatu asubuhi. Ukishakuwa si mkwe wa mtu, utaketi jikoni na Susu kama mgeni yeyote, umuulize yale kumi na moja wewe mwenyewe. Mbuzi wa mahari warudi Nyeri kwa muda. Nitawasindikiza mpaka barabara ya Mombasa. Halafu unaoa tena. Shangazi hatahitaji hata kushona nguo mpya. Mchungaji nitamweleza mimi, ingawa sijawahi kumwambia neno zaidi ya Amina.

Wasalimie watoto, mpiga taipu wako, na profesa, kama bado mtakuwa mnasalimiana. Shangazi msalimie, lakini usimwonyeshe barua.

Ni mimi, mwenye sikio, kwa kadiri ulivyosema,
Ndinda

N.B. Susu hakuchoka hata siku moja. Nimemsingizia. Yale maswali kumi na moja sikumpelekea kabisa. Nilisimama nyuma ya choo, nikahesabu hadi hamsini, nikarudi na langu. Jioni alikuwa akiniuliza, "Leo mwalimu hana swali? Mbona nimekaa tu?" Na kila asubuhi alikuwa anajifunga kitambaa kizuri cha kichwa, kwa ajili ya mtu asiyeweza kumtazama. Hapakuwa na shida yoyote na ndoa yako. Nilitaka tu uandike yangu.

Jana nilimuuliza yote. Majibu yake yako nyuma ya karatasi hii. Manne alisema hajui, nami nimeandika "hajui", mara nne. Sura yako bora imekwisha, Anko, na pengine Kifaransa changu pia.

Nasikia viatu vyako uani. Kwa kawaida ningekuwa nimeshaikalia karatasi hii. Ingia, nimeishika mkononi.