Malalamiko Kuhusu Lenzi Iliyoimeza Nyumba Yangu

Bagbazar, Kolkata
9 Desemba

Kwa Bwana Pareshnath Nandi,
Mwenyekiti wa Chama cha Wapiga Picha wa Mtaa

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimepungua. Mimi ni Bibhutosh Samaddar, mwalimu mstaafu wa jiografia, baba wa Malobika, na kwa siku nne sasa nina hasira. Mwanachama wako, Binti Rupsa Guha, alikuja kwangu Jumapili kumpiga mwanangu picha ya posa, ipelekwe kwa akina Bhaumik wa Chuchura, wenye kijana mhandisi. Posa tatu zimekwisha kutupita bila jibu la maana. Hii ya nne ikiharibika sijui nitamtazamaje mama yake. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

1. Binti Rupsa aliniachia mimi nichague lenzi. Alizipanga tatu mezani akauliza, "Mzee, tutumie ipi?" Sasa, nyumbani kwetu samaki nachagua mimi, na tangu nioe hakuna mchuuzi aliyenilaghai. Nikazipima uzito mkononi, moja moja, kisha nikazitazama jicho. Ile ya milimita ishirini na nane ilikuwa nyepesi kama dagaa. Ya thelathini na tano haikuwa na la ajabu. Ya themanini na tano ilijaa mkono, jicho lake kubwa, jeusi, linang'aa: samaki wa kupelekewa wakwe kabisa! Nikasema hii. Naye akatabasamu, "Mzee, una jicho." Fundi gani humsifu mteja anayejichimbia kaburi?

2. Lenzi hiyo haitaki mtu karibu, na uchochoro wetu ni mwembamba. Binti Rupsa alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka akaingia katika duka la vitamu la Haradhan lililo mkabala nasi, mgongo ukakaribia karai la maziwa. Haradhan akapiga kelele, "Dada, hatua moja zaidi tutakuuza kwa kilo!" Kutoka huko ndiko alikomwelekeza mwanangu kwa sauti ya mnadani, na wanaume wote wa barazani wakamsaidia bila kuombwa.

"Buli, inua kidevu!"

"Usiinue hivyo, unaonekana karani wa benki!"

"We naye, mtoto si ni karani wa benki!"

Buli ni jina lake la ndani, la kuitiwa chai. Sasa analijua hata askari wa trafiki.

3. Hili ndilo donda lenyewe. Nyuma ya Malobika nilikuwa nimeandaa mambo kwa wiki nzima. Picha imekuja: Malobika yupo, unywele kwa unywele. Nyumba haipo, lenzi imeitia ukungu. Roshani yetu ya maua ya chuma imekuwa uji. Kibao cha shaba cha marehemu baba yangu, wakili, ni doa la manjano. Gari jeupe nililoazima kwa shemeji kwa kumbembeleza siku mbili limekuwa donge la wali. Mama yangu mzazi, tuliyemvika kofia ya sufu ili baridi ya Desemba isimwingie masikioni, anaonekana kama nazi. Nami niliyekaa dirishani na gazeti la Kiingereza, sionekani kabisa! Akina Bhaumik watadhani binti yetu analelewa mawinguni.

4. Nilipodai picha irudiwe kwa ile dagaa, Malobika alikataa. "Baba, wanamwoa nani, mimi au roshani?" Mama yake akacheka. Kicheko hicho nakihesabu katika hasara za lenzi.

5. Tukilifumbia macho hili, litaota mapembe. Leo lenzi inaamua nani aonekane, kesho itaamua nani aolewe na nani, na keshokutwa akina baba tutaalikwa kwenye harusi kama wapita njia.

Kwa hiyo naomba chama chako kipige marufuku lenzi zote zinazozidi milimita hamsini kwa mabinti wanaoposwa. Kila picha ya posa ionyeshe walau madirisha mawili yanayohesabika na mzazi mmoja anayetambulika. Tena Binti Rupsa amwombe radhi shemeji yangu, kwa ajili ya gari.

Nisalimie mkeo, wajumbe wote, na mama mkwe wako anayeumwa magoti. Msalimie na Binti Rupsa, ila usimsalimie sana.

Wako kwa heshima na kinyongo,
Bibhutosh Samaddar

Baada ya sahihi: Kabla sijabandika stempu, barua ya akina Bhaumik imefika. Wanaomba picha nyingine inayoonyesha nyumba vizuri, na wanauliza gari ni la mwaka gani. Nimeisoma mara mbili nikitafuta neno moja juu ya mwanangu. Hakuna. Basi nikaishika tena ile picha, nikamtazama aliye mbele badala ya vilivyo nyuma yake. Anatabasamu, lakini macho yamechoka, Ndugu Mwenyekiti. Amechoka kusimamishwa mbele ya vitu vyetu, na mimi baba yake sikuwa nimeona. Nimeona aibu. Tafadhali yafute yote ya hapo juu. Mwambie Binti Rupsa aje Jumapili na ile dagaa, aipige nyumba peke yake, bila mtu, madirisha yote yahesabike. Hiyo nitawapelekea akina Bhaumik, waipose wakitaka. Ya Malobika nabaki nayo.