Klabu ni Viongozi Wake

Kamati Kuu ya Usawa wa Ligi iliutangazia umma kwa furaha kwamba mgomo wa wachezaji hautaathiri mpira kwa namna yoyote, kwa kuwa wachezaji ni sehemu ndogo sana ya mpira.

"Klabu ni viongozi wake," alisoma Mwenyekiti wa Kamati redioni. "Hivyo basi, mechi ya mwisho itachezwa kama ilivyopangwa. Itachezwa na viongozi."

Mwenyekiti huyo alikuwa pia mwenyekiti wa klabu tajiri kuliko zote. Wenye roho mbaya waliliita jambo hilo mgongano wa maslahi. Kamati ililiita uzoefu mpana.

Mama Tarumbeta, aliyepewa jina hilo kwa kelele zake jukwaani, alikuwa kwenye cherehani akipinda suruali za watu. Alizima redio, akaiwasha tena, akaona hajasikia vibaya. Yeye ndiye mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa klabu ndogo, ile ambayo viongozi wake watatu hufanyia vikao kwenye benchi la kinyozi. Mwaka huu klabu hiyo ilihitaji sare tu iwe bingwa, kitu ambacho hakijatokea tangu yeye akiwa msichana. Na mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya matajiri.

Kwenye kochi lake alikuwa amejinyoosha mtoto wa dada yake, winga wa kushoto, barafu gotini. Goti lilikuwa limevimba kama boga. Wachezaji wa ligi nzima walikuwa wamegoma kwa jambo moja: anayeumia uwanjani atibiwe na ligi. Kamati ilijibu kwa waraka kwamba goti la mchezaji ni mali yake binafsi.

"Mama mkubwa, wamesema hata viongozi wa matawi wanahesabika."

"Nimesikia. Ni kwa ajili ya usawa. Wao wana viongozi wa kujaza basi, sisi tunao watatu."

"Mkicheza, mgomo wetu umekwisha."

"Tusipotokea, wanapewa ushindi wa mezani. Kombe ndilo hilo linakwenda."

"Basi chagua. Kombe au goti langu."

"Usinipandishie sauti juu ya kochi langu. Nyanyua mguu."

Usiku hakulala vizuri. Kombe alilitaka. Alilitaka kiasi cha kuona haya.

Siku ya mechi uwanja ulifurika. Matajiri waliingia wakiwa wamepangana kwa vyeo: Mwenyekiti, Mkurugenzi wa Mikakati, Naibu Mkurugenzi wa Mikakati, Mratibu wa Manaibu, na kuendelea hadi kwa golikipa, aliyekuwa Kaimu. Upande wa pili waliingia kinyozi, wenzake wawili na watu wa tawi, mbele yao Mama Tarumbeta, kiungo mkabaji, gauni amelifunga kiunoni.

Refa akapuliza kipenga. Mama Tarumbeta akatembea hatua chache, akakaa chini. Wenzake wote wakakaa. Kinyozi, aliyekuwa golini, akakaa akiupa mpira mgongo.

"Mama, vipi tena?" aliuliza refa.

"Tumefika uwanjani, hatuwezi kunyang'anywa mechi. Lakini kucheza hatuchezi. Tumegoma."

Refa alipekua kanuni kichwani mwake, hakukuta inayokataza kukaa.

Timu nyingine yoyote ingefunga mpaka ichoke. Lakini hawa walikuwa viongozi. Mpira ulimfikia Mratibu wa Manaibu akiwa pua na goli lililo wazi. Akausimamisha.

"Nipige?"

"Mimi sina mamlaka ya kuidhinisha bao," alisema Naibu. "Upeleke juu."

Mpira ukarudi kwa Naibu, ukaenda kwa Mkurugenzi, ukafika kwa Mwenyekiti, aliyekuwa akipungia jukwaa la wageni rasmi. Akaurudisha chini ukafanyiwe upembuzi.

"Piga wewe, unasubiri muhuri?" jukwaa likapiga kelele.

Kipindi cha kwanza kikaisha hivyo, na cha pili kikakaribia kwisha vilevile. Ndipo Mwenyekiti alipotamka kwamba bao la ubingwa lazima lifungwe na mtu mwenye hadhi. Wote wakampisha. Alikuja mbio, akarusha mguu, akaukosa mpira, na goti likalia kwaa! Akaenda chini.

"Daktari! Daktari yuko wapi?"

Katibu wa Kamati alimsogelea kwa adabu. "Mheshimiwa, kwa mujibu wa waraka wako, goti la mchezaji ni mali yake binafsi."

"Mimi si mchezaji, mjinga wewe!"

Refa akainama. "Si mchezaji? Basi mmechezesha mtu asiyeruhusiwa. Mnapoteza mechi, mabao matatu bila."

"Ngoja! Ni mchezaji."

"Basi jitibu, mzee."

Mwenyekiti aliitazama anga, kisha akalitazama goti. Watangazaji walikuwa wameshamzunguka na vipaza sauti.

"Kamati yetu ni sikivu," alisema kwa meno yaliyobanwa. "Kuanzia dakika hii, wachezaji wote walioumia watatibiwa na ligi. Katibu, andika! Andika haraka!"

Katibu akaandika, Mwenyekiti akatia sahihi akiwa chali. Refa akatazama saa, akamaliza mechi. Sifuri kwa sifuri. Uwanja mzima ukalipuka, na Mama Tarumbeta akajikuta analia huku ametoa macho, kwa sababu sare ni sare hata ukiipata kwa makalio.

Daktari akashuka mbio kutoka jukwaani na mkoba wake. Mwenyekiti akamnyooshea mguu.

"Dokta," Mama Tarumbeta alimkatiza njia, akijipangusa macho kwa kiganja, "si umesikia? Wote walioumia. Basi twende kwa utaratibu, aliyetangulia kuumia atangulie kutibiwa."

Akamwonyesha uzio wa uwanja. Wachezaji walikuwa wameuegemea wamejipanga, wengine na magongo, mtoto wa dada yake akiwa katikati na boga lake.

Daktari aliitazama foleni, akamtazama Mwenyekiti.

"Usawa, Mheshimiwa," alisema, akauinua mkoba na kwenda zake uzioni.