Namna Mangi Heriel Alivyokwenda Upanga Kunyamaza

Sogeeni, enyi wa Msimbazi na Gerezani, enyi mnaopanga bidhaa tangu alfajiri na enyi mnaozipangua bila kununua, sogeeni mkasikie. Sidai karatasi ya Shamu wala wino wa dhahabu. Nipisheni tu nikae juu ya boksi hili, niwasimulie jinsi Heriel, Mangi wa sufuria za jumla, simba wa kichochoro, mwenye koo lisilokauka, alivyokwenda Upanga bila upanga wala ngao, na mwishowe bila nguo, akapigana na adui ambaye Kariakoo haijapata kumwona: kimya.

Heriel alikuwa mtu wa Marangu, aliyeshuka mlimani angali kijana na kuuza sufuria hadi mvi zikamkuta dukani. Kulia kwake palikuwa na spika iliyotangaza viatu, kushoto spika iliyotangaza dawa ya mende, na mbele wasukuma mikokoteni wakipiga miluzi watu wawapishe. Naye, ili asikike, alijifunza kupaza sauti kuwazidi wote. Aliwakatiza wateja. Kanisani alimkatiza mchungaji. Na usiku, akiwa amefumba macho, aliendelea kuuza: "Chukua seti, chukua seti, mfuniko bure."

Mkewe Candida, mwanamke wa subira ndefu kama barabara ya Moshi, alikuwa amehamia kochi la sebuleni. Asubuhi moja alisimama mbele ya mumewe, akatoa hotuba ambayo majirani waliisikia vizuri, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi.

"Baba Rachel, mimi niliolewa na mtu mmoja, lakini usiku nalala na soko zima. Nikifungua kinywa, unakifunga kwa chako. Jacqueline wa kwaya ameniambia kuna mahali pale Upanga wanamlaza mtu kwenye maji ya chumvi, gizani, hasikii kitu, haoni kitu, anatoka ametulia. Nimekuwekea nafasi leo mchana. Nenda ukanyamaze. Ukiweza, narudi chumbani. Usipoweza, namwita fundi aniwekee kitanda sebuleni, nikae huko moja kwa moja. Na kuna jambo jingine nataka…"

"Maji yana kina gani?" akauliza Heriel.

Kwa maana shujaa wetu, kama msikiavyo, hakujua kuogelea. Mtu huyu ambaye hakuna mnunuzi aliyewahi kumtisha, maji ya mvua yakifurika Jangwani alizunguka njia ya mbali, akidai anakwenda kuangalia bei za wenzake. Lakini kumwambia mkewe kwamba anaogopa maji hakuweza. Akafunga vifungo vya shati kama avaaye deraya, akatoka.

Alisindikizwa na Fikirini, jirani yake muuza mikeka, mzaliwa wa pwani, mtu wa maneno machache.

"Mangi, maji yenyewe yanafika gotini," Fikirini alimtuliza ndani ya bajaji.

"Goti la nani?"

"La mtu wa kawaida."

"Mtu wa kawaida ana urefu gani?"

Fikirini akatazama nje.

Huko Upanga, lango la ngome ile ya kimya lililindwa na Sitara, binti wa sauti ya chini, aliyewapokea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Simu utaniachia mimi."

Heriel akatoa simu zake mbili, akazilaza mezani taratibu, kama jemadari anayesalimisha panga zake.

"Umenyoa ndevu leo?"

"Nimenyoa asubuhi hii, kwa heshima ya mahali."

"Pole, baba," akasema Sitara, wala hakueleza zaidi.

Ndani palikuwa na hodhi jeupe, pana kama kitanda cha maharusi, limejaa maji ya vuguvugu yenye chumvi nyingi kiasi kwamba mtu hawezi kuzama hata akitaka. Maneno hayo Heriel alimwomba Sitara ayarudie. Sitara akayarudia, akamwonyesha swichi ya taa na kitufe chekundu cha kuita msaada, akampa vizibo vya masikio, akatoka na kufunga mlango.

Heriel akabaki peke yake, uchi kama siku ya kuzaliwa. Akayahutubia maji.

"Sikilizeni. Mimi nimewakabili watu wa forodha. Nimewakabili mgambo wa jiji. Nimemkabili mteja aliyerudisha sufuria imeungua, akaapa kwamba niliiuza hivyohivyo. Siwaogopi."

Maji hayakujibu. Hili lilimsumbua kuliko kina. Hakuzoea kusema na mtu asiyeomba kupunguziwa.

Akaingia, mguu baada ya mguu, akajilaza huku ameshika kingo kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyening'inia kwenye genge la Kibo. Ndipo chumvi ilipokivumbua kidevu. Iliingia kila mkwaruzo wa wembe kama jeshi liingiavyo mji usio na ukuta, na shujaa akaelewa ile pole ya Sitara. Akainua mkono wa kuume ajipanguse. Chumvi ikaruka jichoni. Akainua wa kushoto uusaidie wa kuume. Mambo yakawa mabaya zaidi. Alipapasa, akaipata taulo, akajifuta, akatukana kwa Kichaga cha babu yake, na katikati ya tusi akagundua kwamba mikono yote miwili imeachia kingo tangu zamani.

Naye hakuwa amezama.

Alikuwa anaelea. Kitambi chake, ambacho ngazi za duka zilikilaani kila siku, kilikuwa kimetokeza juu kama kisiwa, chepesi, hakina deni na mtu. Heriel akakitazama kwa jicho lililobaki zima, akahisi fahari. Akatia vizibo masikioni. Akazima taa.

Kimya kikamshukia kwa wingi wake wote. Kwanza alipigana kwa silaha aliyoijua: akauza. Aliuza kichwani sufuria ndogo, akauza kubwa za harusi, akauza mpaka stoo ikabaki tupu na hakuna mteja aliyebaki wa kumpigia kelele. Mkono ukatamani kile kitufe chekundu. Akauzuia. Moyo wake ukasikika, ukibisha polepole, kwa adabu.

Na hapo, pasipo na mtu wa kumkatiza, akamwona Candida amefungua kinywa: kuna jambo jingine nataka. Jambo gani? Heriel akautafuta mwisho wa maneno yale, asiupate. Akatafuta maneno mengine ya mkewe, ya juzi, ya mwaka jana, akayakuta yamelundikana, yote yamekatika katikati. Akaona haya, gizani, mahali ambapo hakuna wa kumwona. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akalala usingizi wa mtu mmoja.

Mlango ukagongwa.

"Karibu," akanguruma Heriel, maji yakatikisika, "jumla au rejareja?"

"Muda wako umekwisha, baba," akasema Sitara.

Alitoka nje akiwa na vidole vilivyokunjamana na chumvi nyusini. Fikirini alikuwa amesimama kando ya kirikuu, gari dogo la mizigo la duka. Na nyuma ya usukani alikuwepo Candida.

"Nimejifunza gari," alisema. "Na leseni nimepata. Nilianza kukuambia zaidi ya mara moja, ukanijibu habari za mifuniko. Dereva nimempumzisha leo. Panda."

Enyi wasikilizaji, yale ya hodhini yalikuwa mazoezi. Vita vyenyewe vilianza hapa. Fikirini alipanda nyuma kati ya sufuria, akajishikilia. Heriel akaketi mbele. Kwenye taa za kwanza gari likazimika, na magari ya nyuma yakapiga honi kama tarumbeta za kiyama. Heriel alijua la kusema. Kanyaga klachi, achia taratibu: maneno yalimjia yamejipanga vikosi kwa vikosi, yakafika kwenye meno, yakakuta lango limefungwa. Bodaboda ikapita ikilamba kioo cha pembeni. Alinyamaza. Basi la mwendokasi likaja na ukubwa wake wote. Alishika goti lake mwenyewe, akanyamaza.

Walipofika kichochoroni Candida alianza kurudi nyuma, kati ya mkokoteni wa ndoo na rundo la majiko, na Kariakoo nzima, kama ilivyo desturi, ikageuka kuwa dereva. "Kata kushoto, mama." "Kulia, kulia." "Njoo, njoo, njoo." "Simama hapo." Muuza viatu alielekeza kwa spika yake. Katika halaiki ile yote mwanamume mmoja tu hakutoa neno, naye ndiye mwenye gari.

Candida akaliingiza mahali pake, akalizima, safari hii kwa hiari yake. Akamgeukia.

"Hujasema kitu."

Heriel akatikisa kichwa.

"Limezimika pale kwenye taa."

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi sema."

Heriel akafikiri, na wote waliokuwepo waliona akifikiri. "Ulianza lini kujifunza?" akauliza.

Candida akamtazama kwanza, kama mtu anayepima kina. Kisha akaanza kusimulia: mwalimu mkali, uwanja wa vumbi, siku alipogonga pipa akalia, siku alipolipita pipa lile akacheka peke yake. Mteja alikuja akauliza bei. Mangi alimwinulia kiganja asubiri.

Basi na litangazwe jambo hili kuanzia Gerezani hadi Msimbazi, liwekwe pamoja na ushindi wa wakubwa waliotutangulia: kwamba Kariakoo, mchana kweupe, mwanamke alianza kusema mbele ya Heriel wa sufuria, akasema, akasema, akafika hadi nukta.